Mama Pacha Hakutia Saini

Pacha wenyewe walishaondoka nyumbani zamani. Mmoja kaolewa, mwingine anaendesha lori la mizigo na hupiga simu pale anapokumbuka. Jina ndilo lililobaki kwa mama yao, na hata kazini hakuna aliyemwita kwa jingine.

Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha kufulia, kile kinachopokea mashuka ya hospitali na mahoteli yakiwa machafu mlango wa nyuma na kuyatoa meupe mlango wa mbele. Mama Pacha alikuwa kwenye rola, mashine ya kupiga pasi yenye vyuma virefu vinavyozunguka vikiwa na moto. Watu wawili hushika shuka bichi pembe kwa pembe, wakalinyoosha, wakailisha mashine. Upande wa pili wawili wengine hulipokea likiwa limekauka na kulikunja kabla halijapoa. Ukichelewa kuachia, rola haikungoji. Mikono ya Mama Pacha ilikuwa na alama za moto kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, za zamani zimefifia, mpya zimeng'aa kama ngozi ya mtoto.

Mwenzake wa kulisha rola walimwita Kimya, kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Alizungumza asubuhi hadi jioni kuushinda mngurumo wa mashine, na Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda.

Msimamizi wao alikuwa shemeji yake Mama Pacha, mdogo wake mumewe. Ndiye aliyemwingiza kazini mwaka ule Baba Pacha, fundi wa kuezeka, alipoteleza juu ya paa la watu. Mgongo ulipona, lakini si mgongo wa kurudi juu ya paa. Tangu hapo Baba Pacha alishinda nyumbani akitengeneza viti vilivyovunjika vya majirani, na nyumba ikaegemea mikono ya mkewe. Kwa hiyo shemeji alikuwa shemeji na pia alikuwa fadhila, na fadhila ikiwa ndani ya ukoo haina siku ya kumalizika kulipwa.

Asubuhi moja, rola ikiwa bado inapata moto, shemeji aliwaita wote karibu na magunia ya sabuni. Mkononi alikuwa na karatasi. Aliisoma haraka haraka, macho hayatoki kwenye maandishi. Hoteli kubwa imewahama. Kazi imepungua. Tajiri anawaomba wavumilie: malipo ya kila saa yatashuka kwa robo.

"Kuanzia lini?" mtu mmoja akauliza.

"Kuanzia mwanzo wa mwezi."

"Mwezi ujao?"

"Mwezi huu."

Mwezi wenyewe ulikuwa umebaki mkia. Watu walitazamana. Kimya ndiye aliyepata sauti kwanza. "Kwa hiyo hata saa tulizokwisha kufanya zimeshuka bei? Jasho lile nimeshalitoa, msimamizi. Sasa nilirudishe mwilini vipi?"

Wachache walicheka. Shemeji hakucheka. Aliziweka fomu juu ya gunia, akaweka na kalamu. Mmoja baada ya mwingine walijifuta mikono kwenye aproni wakatia saini. Walitia saini kama wanavyopanda basi lililojaa, kwa sababu mwenzao mbele kapanda na nyuma kuna anayesukuma. Hata Kimya alitia.

Ilipofika zamu ya Mama Pacha, aliikunja fomu akaitia kifuani. "Naomba nikaisome nyumbani, shemeji."

"Ya nini tena? Si nimewasomea?"

"Umesoma vizuri. Ila na macho yangu nayo yanataka."

Shemeji alisogea, akashusha sauti. "Shemeji, usiniaibishe mbele ya watu."

Mama Pacha alirudi mahali pake. Rola ilikuwa imeshapata moto na mashuka ya hospitali yalikuwa yanangoja.

Watu walisema baadaye kwamba siku ile aliwaonyesha ushujaa. Haikuwa hivyo. Alikuwa amechoka tu, na uchovu ukizidi kipimo hufanana sana na ukaidi. Alihisi kwamba hata kuishika kalamu ile na kuandika jina lake ni kazi moja zaidi, na kazi hiyo hakuna anayeilipa.

Nyumbani alimkuta mumewe kajilaza, mto chini ya magoti kama alivyoelekezwa hospitali. Alimsimulia huku akivua viatu. Baba Pacha alisikiliza mpaka mwisho.

"Tia saini, mke wangu," alisema. "Yule ndiye aliyetushika mkono tukiwa shimoni."

"Na sasa ananishika mkono huohuo aniongoze kurudi shimoni."

"Si yeye. Ni tajiri."

"Najua si yeye. Ndiyo maana sikumtukana."

Jirani alikuwa anapiga misumari mahali fulani, na Baba Pacha aliisikiliza kila nyundo kwa sikio la fundi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeona haya, "Ukiimwaga hii kazi, mimi siwezi kukuokotea hata punje."

"Sijasema naimwaga."

Na kweli hakuwa amesema. Siku yake ya mapumziko alivuka mji kwenda kwenye kiwanda kingine cha kufulia alichokisikia. Mwanamke wa mapokezi alimwangalia mikono, akajua bila kuuliza kwamba kazi anaijua. Kisha akamtajia malipo yao ya saa. Yalikuwa chini hata ya yale yaliyoshushwa. Mama Pacha alishukuru, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Njiani alijicheka mwenyewe. Alikuwa amekimbia mvua akaingia kwenye ziwa.

Kimya alikuja na ushauri wake. Wote wagome, rola ipoe, tajiri ajionee.

"Wewe si umeshatia saini?" Mama Pacha alimuuliza.

"Nimetia, ndiyo. Mkono ulitangulia, akili ikaja na basi la pili."

Mama Pacha akaenda ofisi ya kazi, ile ya serikali. Alikaa kwenye benchi refu katikati ya walinzi, wapishi na wajenzi, kila mmoja na bahasha yake mapajani, kama wagonjwa wenye ugonjwa mmoja. Ofisa aliyemwita alikuwa binti wa rika la wanawe, mwenye mafua, leso haimtoki mkononi. Alisoma mkataba wa Mama Pacha, akasoma na ile fomu.

"Umetia saini, mama?"

"Bado."

"Afadhali." Alipenga kamasi, akaomba radhi. "Saa ulizokwisha kufanya ni zako, kwa bei mliyopatana. Hapo hawana la kusema. Mtu hawezi kula, akashiba, ndipo akarudi jikoni kupatana bei. Za mbele ndizo zenye maneno. Unaweza kukubali; wengi wanakubali, wala si dhambi. Unaweza kukataa na ukaendelea na kazi, lakini useme kwa maandishi kwamba unafanya kazi bila kuridhika. Ukinyamaza sana, watasema umekubali kwa kitendo. Au unaweza kuacha, ukadai kwamba wao ndio waliovunja mkataba. Njia hiyo ipo, ila ni ndefu, na huko njiani hakuna pa kula."

"Na wakinifukuza kwa sababu nimekataa?"

"Ni kosa." Binti aliinua macho. "Lakini sitakudanganya, mama yangu. Makosa yanafanyika kila siku, na ofisi hii ina watu wawili."

Mama Pacha alimpenda kwa jibu lile. Alikuwa amezoea watu wanaomuuma huku wakimpuliza.

Binti alimsaidia maneno. Yalikuwa machache: naendelea na kazi yangu, ila sijakubali malipo mapya, na saa za mwezi huu naomba zilipwe kama tulivyopatana. Kesho yake alimpa shemeji nakala, kwenye kijiofisi chake cha mbao pembeni ya mashine za kukausha. Shemeji alisoma akiwa amesimama.

"Kwa hiyo umekwenda kunishitaki."

"Sikukushitaki, shemeji. Wewe si tajiri."

"Tajiri ataniuliza mimi. Atasema, huyu si mke wa kaka yako? Nyumba yako inakushinda, watu wangu utawaweza?" Alikaa, kiti kikalia. Alipoongea tena sauti ilikuwa imemshuka. "Unafikiri mimi nimeachwa? Nilitia saini ya kwangu kabla yenu wote. Yangu imekatwa zaidi."

Mama Pacha alimtazama. Aliona mvi ambazo hakuwahi kuziona, na kola ya shati iliyogeuzwa ndani nje ili ivalike mwaka mwingine. "Mbona hukutuambia?"

"Msimamizi aseme nini? Aje alie nanyi kwenye magunia?"

Mama Pacha alirudi kwenye rola.

Malipo ya kukataa yalikuja mapema. Alitolewa kwenye rola akapelekwa nyuma, mahali mashuka ya hospitali yanapoingia, akayachambue kabla hayajafuliwa. Hiyo ndiyo kazi waliyopewa wageni na walioudhi. Unavaa glavu hadi kwenye viwiko na kitambaa puani, na bado harufu unarudi nayo nyumbani. Juu ya hayo saa zake zilipunguzwa: siku nyingine aliambiwa arudi nyumbani adhuhuri, hakuna mzigo, na huku mzigo anauona kwa macho. Alijikaza kisabuni. Jioni alioga mara mbili, kisha akakaa kitandani na taulo lake, hana hata nguvu ya kulianika.

Baba Pacha alitaka kwenda kumkabili mdogo wake. Mama Pacha alimkataza. "Mtagombana bure. Na yeye kabanwa." Lakini ndugu wale wawili waliacha kutembeleana, bila kutangaziana, na hilo lilimuuma kuliko harufu ya mashuka.

Aliandika tena, safari hii kuhusu saa zilizopunguzwa, akapeleka kwa yule ofisa wa kazi. Na hapo ndipo Kimya alipojitokeza. Alikuja nyumbani na wenzake watano wa upande wa kukunja, wakajibanza sebuleni kwenye viti vya majirani vilivyokuwa vinangoja kutengenezwa, na kimoja kikavunjika palepale. Walikuwa wametia saini kuhusu saa za mbele, sawa, lakini zile zilizokwisha kufanywa walizitaka. Wangeongozana naye hadi ofisi ya kazi.

"Tulikuacha peke yako," Kimya alisema, akaanza kuokota vipande vya kile kiti.

Ofisa mwenye mafua alimwita tajiri. Mama Pacha hakuwahi kumwona karibu. Alitegemea mtu mnene mwenye sauti. Akaingia mzee mwembamba mwenye adabu, akawasalimia wote, akafungua mkoba na kueleza jinsi hoteli ilivyomhama na benki inavyomkaba. Huenda alisema kweli. Uzito wa kweli yake haukuyafanya mashuka yawe mepesi.

Walizungumza mpaka chai ya ofisa ikapoa. Mwisho tajiri alitoa neno lake. Saa zilizokwisha kufanywa atazilipa zote, kwa wote, kwa bei ya zamani. Za mbele zitashuka kwa wote, lakini kwa nusu ya alivyotaka. Mama Pacha atarudi kwenye rola na saa zake kamili.

Ofisa alimgeukia. "Unaweza kukataa, mama. Tukiendelea na shauri, nadhani una hoja. Ila sijui litakwisha lini."

Mama Pacha alitazama viatu vyake. Alifikiria mashuka ya nyuma, benchi refu, nakala, bahasha. Alimfikiria mumewe akihesabu nyundo za jirani.

"Nakubali," alisema.

Nje Kimya alikuwa anachemka. "Tungekaza kidogo tu. Umemwona alivyokuwa anatoka jasho?"

"Kaza wewe, mwenzangu. Skrubu yangu imekwisha meno."

Pesa za nyuma zilitoka. Baadhi ya watu walimshukuru. Wengine walimlaumu kwamba aliwauza kwa ile nusu. Na wako waliozipokea kama vile zimeanguka zenyewe. Alirudi kwenye rola. Kimya aliendelea na hadithi zake, naye akaendelea kuitikia kwa kichwa. Malipo yalikuwa pungufu kuliko zamani, na upungufu ule aliuona kila mwisho wa mwezi. Hakuna aliyesema ameshinda.

Siku moja ya mapumziko shemeji alibisha hodi. Hakuwa amefika tangu mambo yale. Baba Pacha alimkaribisha kiti kilichotengenezwa upya, wakazungumza habari za mapaa, nani anaezeka wapi, bati gani linaoza upesi. Mama Pacha aliwaletea chai, akakaa kando, mgongo ukutani.

Alipoinuka kuondoka, shemeji alisimama mlangoni akichezea kitasa. "Shemeji," alisema. "Zile za nyuma, hata mimi nilipata."

"Vizuri, shemeji."

"Zilitusaidia. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada."

"Vizuri sana."

Alionekana kama ana neno lingine. Akalimeza, akaaga, akasema atakuja tena wiki ijayo kumshika kaka yake mkono kwenye meza moja nzito ya mteja. Baba Pacha alimsindikiza hadi njiani, taratibu, mkono kiunoni. Walisimama huko muda wakizungumza.

Aliporudi alikuwa na radhi ya kumfikishia mkewe, lile neno mdogo wake alilolimeza mlangoni. Alimkuta amelala palepale alipokuwa ameegemea ukuta, kikombe mkononi, jua la mchana likimpiga usoni. Alikitoa kikombe polepole, akavuta pazia, akamwacha.