Sikio Ndani ya Laptopu

Aliyekuwa mume wangu alinitegea sikio chumbani mwangu, kisha niliposema kuna mtu ananisikiliza, akawaambia watu kwamba nimerukwa na akili. Nalisema mapema ili msomaji asinihurumie kwa jambo jingine. Kuachwa nimeachwa kama wengi. Hilo silililii.

Mimi ni mshonaji. Sikuingia darasani, kusoma nilijifunza ukubwani, kwa shida, kwenye magazeti ninayochorea vipimo vya nguo. Chumba changu cha kazi kina dirisha moja, cherehani na meza ya kukatia. Nikishona huzungumza. Ndiyo tabia yangu tangu ujana: nakigombeza kitambaa kinachoteleza, namsimulia marehemu mama yangu habari za siku. Hakuna aliyewahi kuona ubaya.

Tulipoachana, binti yetu alikuwa ameshakwenda kusoma mbali. Yule bwana akaniletea laptopu.

"Ili muonane na mtoto," alisema. Akaiwasha yeye, akaipanga yeye, akanionyesha pa kubonyeza. Nikamshukuru, kwa mdomo wangu huu huu.

Ikawa nzito. Nikibonyeza picha ya mwanangu, namaliza kupinda pindo zima la gauni kabla uso wake haujatokea, na ukitokea, midomo inatangulia, sauti inafuata. Feni yake ilivuma hata nikiwa sijaigusa. Ilipata joto pale mezani kama kitu chenye damu. Na kila nilipozungumza, ilivuma zaidi. Nikinyamaza, baada ya muda nayo inatulia.

Kisha maneno yangu yakaanza kunirudia. Wifi yangu alikuja kuchukua sketi yake, akasema huku anacheka, "Kumbe mimi kiuno changu ni gunia lililofumuka?"

Maneno hayo niliyasema peke yangu, mlango umefungwa, sketi mkononi. Siku ile nilichungulia uvunguni. Nikaziba tundu la ufunguo kwa pamba. Nilipomwambia binti yangu kuna mtu ananisikiliza, alisema, "Mama, baba alisema utaniambia hivyo."

Tangu hapo akawa ananipigia kwa nadra, halafu akaacha kabisa. Mimi nikadhani ni ule uzito wa laptopu unaomkatisha tamaa. Nikaifunga kwenye kanga, nikaipeleka kwa fundi, mwanamke mmoja tunayemwita Bi Bisibisi kwa sababu hukosi kuona bisibisi imechomekwa kwenye kilemba chake.

"Dada, umeilisha nini hii? Inahema kama mjamzito kwenye ngazi!"

Akaifungua tumbo, akapuliza. Nyuzi na vumbi la vitambaa vikaruka. "Hapa unajaza mto," akasema. Akafunga, akawasha. Uzito ule ule. Akatazama kama imejaa mafaili. "Huku kweupe pe, kama jikoni kwa kapera." Hapo utani ukamwisha. Akakata intaneti. Feni ikapoa, ikanyamaza, na albamu ya picha za mwanangu ikafunguka nilipoigusa tu. Akairudisha intaneti. Feni ikaanza tena.

"Kuna kitu kinafanya kazi humu, dada, na hakikufanyii wewe. Hebu zungumza."

"Nizungumze nini?"

"Chochote."

Kwenye kioo kulikuwa na mstari umelala. Niliposema, ukaruka. Niliponyamaza, ukalala. Nikamwita mama yangu, polepole, kama ninavyomwita nikiwa kazini. Ukaruka.

Bi Bisibisi akabonyeza hapa na pale. Ikatokea picha ya duara, ndogo kama kifungo. "Programu hii inasikiliza chumba na kumpelekea huyu sauti. Unamjua?"

Nilitambua kola kabla ya uso. Niliishona mwenyewe.

Akapiga picha ushahidi ule kwa simu yangu, ndipo akaing'oa programu. Nami nikaenda moja kwa moja kwa yule bwana. Nilimkuta barazani na dada yake. Wifi aliitazama simu, kisha akaanza kuchunguza kucha zake.

"Nilihofia afya yako," akasema yule bwana. "Yaliyopita si ndwele, mama watoto."

"Ndwele ninayo mimi," nikamjibu. "Mwambie mtoto."

Hakumwambia. Picha nilizituma mwenyewe, na jibu la binti yangu lilikuwa hili: "Baba anasema huyo fundi kakutapeli. Pumzika, mama."

Sasa laptopu inawaka kabla sijakaa kitini. Feni haisikiki. Nami nashona mdomo umefungwa, kwa sababu kila nikitaka kusema neno, jicho linakwenda kwenye ile meza. Wateja wananisifu kuwa nimetulia. Mama yangu hajapata habari zangu tangu siku ile, na nikijisahau nikamwita, nangoja kitu kivume.

Aliyenitegea sikio ana deni. Sitaki fidia wala magoti. Aje aketi kando yangu, binti yetu awe upande wa pili wa kioo, aseme kwa sauti yake: mimi ndiye niliyelitega, mama yako ana akili timamu. Laptopu ni nyepesi, iko tayari. Bado mdomo wake.