Ngozi ya Kinubi cha Mzee Othieno

Jumapili kabla ya ibada, vijana wa kwaya wanapowasha nyasi kavu na kuzipasha moto ngoma zao ili ngozi zikaze, harufu ile hunifuata mpaka ndani ya kanisa. Wenzangu wanaanza kusali. Mimi huwa nimekwisha kurudi Rubongi, sebuleni kwa shangazi, nikiwa na miaka minane na kiherehere cha kuutosha ukoo mzima.

Shangazi, mwalimu aliyependa muziki kuliko chakula, alikuwa na Jumapili yake moja kila mwezi. Baada ya mlo wa mchana tulisukuma makochi ukutani, tukatandika mikeka, watu kama ishirini wakaja kusikiliza. Hakukuwa na spika wala kucheza, na majirani walituteta kwamba tunakaa kama waliofiwa. Mama Amoding, wa kabila la Wateso, alileta akogo, kibao chenye vyuma alivyovibonyeza kwa vidole gumba. Wafula, muuza mitumba, alivuka mpaka kutoka Busia ya Kenya na siriri, fidla yake ya uzi mmoja. Kila mtu alipiga za kwao, akapigiwa makofi, akaketi. Adabu ilikuwa nyingi mno.

Mwezi ule alialikwa Mzee Othieno wa Kisoko, mpiga tongoli, kinubi cha Wadhopadhola chenye tumbo lililowambwa ngozi. Tangu afariki mkewe, aliyekuwa akimwitikia nyimbo, hakuwa amekigusa. Shangazi alimbembeleza miezi mitatu. Alipofika na kukiegemeza ukutani aende kula, shangazi alisema kwa furaha, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi nilijua jambo moja tu kuhusu ngozi: kabla ya kupigwa, hupashwa moto. Basi nikakibeba kinubi hadi jikoni, nikakilaza kando ya sigiri ya makaa, nikaenda kumwita mzee aje aone nilivyomsaidia. Tuliporudi, ngozi ilikuwa imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Nililia mpaka kwikwi. Shangazi alikuwa ameshavua ndara anichape. Mzee alipitisha kidole kwenye ule ufa.

"Wacha mtoto," alisema. "Hii ngozi ilikuwa nazeeka. Leo ingepasuka tu."

Akachukua kofia yake aende zake. Wafula alimzuia mlangoni.

"Mzee, wewe imba tu. Mimi nitakutafuta na siriri hukohuko uliko."

Mzee akaketi. Sauti ilitoka ikikwaruza. Siriri ikaipapasa, ikakosea, ikaipata. Mama Amoding, bila kuombwa, akaingiza akogo pale ambapo kinubi kingelia. Mzee alipofika mahali pa mkewe kuitikia, alinyamaza. Chumba kizima kikaitikia, kwa Kidhopadhola kibovu, naye akacheka huku analia. Tangu siku ile hakuna aliyepiga peke yake sebuleni mle, na mzee hakukosa mwezi hata mmoja.

Niliamini maneno yake miaka mingi. Nikajivuna hata, kwamba kosa langu lilikuwa dogo na baraka yake kubwa. Juzi, vidole vyake vilipogoma kabisa, alinipa kile kinubi. Mwanawe alinisindikiza barabarani, akanisimulia jinsi baba yake alivyokiwamba ngozi mpya siku chache tu kabla sijaipasua, kwa mikono yake, kwa ajili ya Jumapili ile.

Sasa kinubi kiko sebuleni kwangu, nami nina Jumapili yangu moja kila mwezi. Mtoto yeyote akitaka kukishika, namwachia. Ila kwanza nazima sigiri.