Soseji za Mchana wa Nyanya

Juzi, kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzangu, mhudumu alinipitishia sinia la soseji ndogo zilizoviringishwa kwenye unga uliokandwa na kuokwa. Nilichukua moja, nikaitafuna bila kuhisi ladha, na mchana mmoja wa utotoni ukanijia.

Tulikuwa jikoni kwenye fleti yetu ya Etobicoke, Kanada. Mama alikunjua unga uliokandwa tayari, uliotoka kwenye friza, akaukata vipande virefu na kuviringishia soseji. Mimi nilipaka yai juu kwa brashi. Harufu ya siagi ilifika hadi koridoni. Macho ya Mama yalikuwa makavu.

“Ni pati ya nani?” nilimuuliza kwa Kiingereza. Kiswahili nilikielewa tu.

“Watu wanakuja kwa ajili ya nyanya yako.”

Basi nikajua ni siku ya kuzaliwa ya nyanya. Wageni wa kanisani walivua mabuti yenye theluji mlangoni, wakamkumbatia Mama mmoja mmoja. Nikasimama na sinia katikati ya sebule, nikaanza kuimba wimbo wa kuzaliwa, nikitaja jina la nyanya.

Hakuna aliyeitikia. Anti Rozi, rafiki wa Mama, alinyoosha mkono anizuie.

“Mwache,” Mama akasema.

Leo najua kwamba nyanya alizikwa Nyeri siku ile, na Mama hakwenda kwa sababu angetoka Kanada asingeruhusiwa kurudi. Wakati ule nilimwona tu Mama akija kusimama kando yangu, akaimba nami mpaka mwisho. Kisha akawakaribisha wageni kula soseji kabla hazijapoa.