Sarnu, Neno la Matopeni

Jasmati Magar alikuwa na ulimi usiojua likizo. Tangu aolewe katika kijiji kile cha mlimani hadi sasa akiwa mjane mwenye mvi, ndiye aliyewaongoza wanawake majarubani kila mwezi wa Asar, msimu wa mvua na wa kupandikiza mpunga, akiwachekesha mpaka waombe poo. Mwaka huu kicheko kilimkwama. Mkamwana wake, Anjila, aliyebaki peke yake baada ya mume kurudi kibaruani Qatar, alitaka kurudi kwao bondeni. Kaka yake angemfuata siku hiyohiyo ya kupandikiza mpunga. Jasmati alimpenda binti yule, na hakujua amwambie nini.

“Njoo basi, hata kwa kuaga,” alimwambia. “Leo ni sarnu. Miche inatoka kitaluni.”

Anjila alikunja sari, akaingia topeni.

“Mama, nyinyi kila kitu sarnu! Kuhama nyumba, sarnu. Kunakili darasani, sarnu. Mafua yakitoka kwangu yakaja kwako, sarnu. Na miche nayo?”

“Na ukinizibia njia nikataka usogee, nakuambiaje?”

“Sara!”

“Ndiyo hivyo. Maneno ghali, tunabana matumizi.”

Anjila akacheka. Jasmati hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu harusi.

“Shuleni walitufundisha,” Anjila alisema, “kwamba zamani, kwenye Kisanskriti, asili yake ilikuwa kutiririka. Kama maji.”

Jasmati alitazama maji yakishuka kutoka jaruba la juu kuingia la chini.

“Kumbe! Miaka yote nalitamka nikiwa humohumo majini, wala sikujua.” Akachomeka mche. “Mimi nilipoletwa hapa nililia mpaka mama mkwe akaficha chumvi, eti machozi yangu yanatosha mboga.”

“Muongo wewe, mama!”

“Muulize yeyote. Uone mche huu: ukishahamishwa hugeuka manjano, ukalala. Asiyejua ataapa umekufa. Nami nilikuwa manjano msimu mzima. Sikwambii ubaki, mwanangu. Ila ukiondoka nitaumia sana.”

Anjila aliinama, akachota tope, akampiga nalo Jasmati usoni.

Jaruba zima likaacha kupandikiza. Kurushiana tope siku hiyo ni desturi, lakini mkamwana kumlenga mama mkwe, tena pua! Jasmati alijipangusa jicho moja, akaitazama shabaha yake, akarudisha. Basi ikawa vurugu tupu. Wanawake waliangushana, wakapiga vigelegele, na bakuli la mtindi na pepeta likaokolewa na mzee mmoja aliyekimbia nalo akilia kwamba dunia imeisha.

Hapo ndipo kaka yake Anjila alipofika, viatu viking’aa, mwavuli kwapani. Alimtafuta dada yake kati ya watu waliofanana wote kwa tope, akamtambua kwa sauti, akashuka moja kwa moja mpaka ukingoni mwa jaruba, mguu mmoja ndani.

“Anjila! Mbona hivi? Haya, funga mzigo, basi halitusubiri!”

Anjila alitazama chini, penye kiatu cha kaka yake.

“Sara, kaka!” akamfokea. “Unakanyaga mpunga wetu!”

Jasmati alilisikia lile “wetu”. Akainama haraka watu wasimwone machozi, akachomeka mche uliofuata. Aliuchomeka kichwa chini.