Shemeji Yangu, Fundi wa Kukaza

Mume wa mdogo wangu ni fundi wa mashine za sinema, na niseme mapema kwamba simheshimu. Nimekuwa mkata tiketi katika ukumbi anaofanyia kazi tangu nikiwa msichana. Chumba cha projekta kiko juu ya kichwa changu, na kila balaa alilolifanya huko nimelisikia likitendeka. Watu wa nje wanamwita Injinia, jina alilojipa mwenyewe. Sisi tunaofanya naye kazi tunamwita Kaza.

Jina hilo amelitolea jasho. Picha ikiruka, anakaza. Sauti ikikoroma, anakaza. Mkanda wa mota ukiteleza, anakaza mpaka mota ilie. Siku moja feni ya ofisini kwa bosi ilikuwa ikitikisika. Akapanda kitini na bisibisi yake, akakaza, na feni ile haijazunguka tena hadi leo. Akimaliza kazi hushuka ngazi akijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama daktari aliyetoka kuokoa mtu, na haondoki mpaka aambiwe ahsante.

Ugonjwa wa mashine yetu ulijulikana na kila mtu isipokuwa yeye. Ndani ya projekta kuna gurudumu dogo la chuma lenye meno. Meno hayo huingia kwenye matundu yaliyo pembeni mwa filamu na kuivuta mbele ya taa, picha moja baada ya nyingine. Ya kwetu yalikuwa yamelika upande mmoja yakawa kama ndoano, ndiyo maana picha ilikuwa ikiruka. Fundi wa ukumbi mwingine aliyepita kutusalimia alilitazama mara moja tu, akasema gurudumu libadilishwe, au angalau ligeuzwe livute kwa upande ambao haujalika. Bosi akaleta gurudumu jipya. Shemeji akalitia mfukoni, akawa analitoa mbele za watu kuonyesha jinsi mafundi wa siku hizi wanavyopenda kubadilisha vitu badala ya kutumia akili. Yeye akili alikuwa nazo, kwa hiyo alikaza springi ya bamba linaloibana filamu mbele ya taa. Picha ikatulia kidogo, na filamu zikaanza kurudi kwa wenyewe zimechanika matundu, zimechorwa mistari kama daftari la shule. Alipoulizwa, alisema filamu za sasa hazina ubora.

Yote hayo ningeyacheka mpaka uzeeni kama bosi asingesafisha stoo.

Huko stoo lilitokea kopo la filamu fupi ya kufundisha watu kuvuka barabara, iliyopigwa zamani mtaani kwetu. Nilikuwepo siku ile, mtoto mdogo. Wapiga picha waliwaomba wapita njia wavuke kama kawaida yao, na mama, aliyekuwa anatoka bombani, akavuka. Niliiona mara moja ilipoonyeshwa zamani: anaonekana kwa mgongo, beseni kichwani, anakwenda mpaka ng'ambo. Kisha anageuka, kwa sababu mimi nilikuwa nimebaki upande wa huku na nilimwita. Hapo uso wake wote unaonekana. Mama alifariki mdogo wangu akiwa bado ananyonya, na nyumbani hatuna picha yake hata moja. Tangu ajue kusema, mdogo wangu amekuwa akiniuliza mama alikuwaje, nami nimekuwa nikimtajia macho, kidevu, rangi, na nikimaliza naona usoni mwake kwamba bado hajamwona.

Nilimwambia shemeji aweke gurudumu jipya kwanza. Akacheka. Nikasema basi tuipeleke filamu kwenye ule ukumbi mwingine. Hapo akanuna, akavimba, akasema kama familia haina imani naye aelezwe wazi. Mdogo wangu akanivuta pembeni.

"Dada, usimdhalilishe," akaniambia. "Hawezi kuharibu kitu changu. Huyu ni mume wangu."

Nikakubali. Mtu aliyependa haambiliki, na mdogo wangu anampenda yule bwege kwa moyo wake wote. Sijawahi kuelewa kwa nini.

Bosi alituruhusu mchana, kabla ya onyesho la kwanza. Mdogo wangu alikuja na gauni lake la kutokea, amejipaka mafuta, amechana nywele, kama anakwenda kutambulishwa kwa mtu. Tukakaa safu ya mbele. Picha ikaanza, ikaruka. Nikasikia bisibisi huko juu. Ikatulia. Mama akaingia na beseni lake, akavuka, na mdogo wangu akanishika mkono. Mama alipofika ng'ambo, bega lake likaanza kugeuka, na mashine ikatoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Picha ikasimama pale pale. Doa la kahawia likatokea katikati, likatanuka, likatoboka, ukabaki mwanga mweupe mtupu.

Shemeji akatoa kichwa kwenye kidirisha chake, akatutangazia kwamba filamu ilikuwa imeoza, na bahati yetu yeye yupo, anaiunga.

Tukangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Hatimaye akaiwasha tena. Mama akaingia, akavuka kwa mgongo, akafika ng'ambo, na ghafla barabara ikawa tupu, baiskeli inapita. Mdogo wangu aliendelea kutazama mpaka filamu ikaisha.

Nikamwambia asikate tamaa. Zilizounguzwa na taa ni picha moja au mbili tu. Kile kipande kilichochanika, alichokikata mumewe ili aunge, hakiwezi kupita tena mashineni, lakini ukikiinua kwenye mwanga utamwona mama, mdogo kama kwenye stempu, amegeuka. Tukapanda ngazi karibu tukimbie.

Shemeji alikuwa anajifuta mikono. Mkewe akamwomba kile kipande.

"Kile kilichochanika?" akasema. "Gundi ilikuwa imekwisha, nimekitumia kutengenezea gundi. Si mmeona palivyoungana? Hata hapajulikani."

Akaanza kutueleza, maana hakuna siku amekosa la kueleza. Unakiparua kipande kwa wembe mpaka picha yote itoke, ibaki plastiki tupu, kwa sababu picha ikibaki gundi inakuwa chafu. Kisha unakikatakata, unakitia kwenye ile dawa inayonuka kama ya kufutia rangi ya kucha, kinayeyuka. Kidogo tu kingetosha, lakini amekitumia chote, tusije tukapungukiwa tena. Mezani kulikuwa na unga mweusi wa kuparuliwa, naye alikuwa akiupangusa kwa kiganja huku anaongea, unaanguka sakafuni, anaukanyaga. Nilitaka kumzaba kofi. Sisemi kwa mfano. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka.

Mdogo wangu hakumtazama. Aliichukua chupa ya gundi pale mezani, akaifungua, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa safi kabisa, inang'aa kama maji, haina hata kivuli.

"Funika, mke wangu," shemeji akamwambia. "Inakauka upesi."