Maji Kwenye Kaburi la Mama Mkwe

Mimi ni naibu wa chifu, na kijiji changu kiko bondeni, njia ya kwenda Port Victoria, chini ya tuta linalozuia mto. Mvua zikizidi, kazi yangu ni kuwaambia watu wahame, na kujua ni lini. Ukichelewa, watu wanazama. Ukiharakisha, wanakuita mwongo, na mvua nyingine ikija hakuna anayekusikiliza.

Mara moja mvua zilipozidi, mama mkwe wangu alikuwa kwenye jeneza uani kwetu, mazishi yakiwa kesho yake. Saa nne asubuhi wachimba kaburi wakaniita. Walikuwa wamefika kiunoni tu, na tayari walikuwa wanachota maji kwa ndoo; mto ulikuwa umeanza kupenya chini ya tuta.

Nikampigia bosi wangu simu. "Ngoja amri itoke juu," akasema. Juu wapi? Huko juu kuna lami na ghorofa. Maji yalikuwa yanatoka chini, na mimi nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu.

Nikatangaza kwamba tunahama kabla ya jioni. Waombolezaji wakanitazama kana kwamba nimewatukana. Kwetu jeneza likitoka nyumbani linakwenda kaburini, basi. Shemeji yangu mkubwa akasimama mbele yangu, akaniita kwa cheo, si kwa undugu.

"Mama chifu, unataka mama alale kwa watu?"

"Hapa atalala wapi? Kaburi limejaa maji. Na hawa watoto wote, nani atawabeba?"

Nililia, sikatai, kwa sababu nilimpenda yule mama. Kisha nikaita trekta, nikaagiza libebe jeneza kwanza, maana nilijua hakuna ambaye angekubali kubaki nyuma yake. Kijiji kizima kikalifuata hadi shule iliyo kwenye mwinuko, na kuku wao na magodoro yao.

Tuta halikuvunjika. Mto ulipanda hadi ukingoni, ukatulia, ukashuka. Baada ya siku nne tukarudi, tukamzika mama kwenye matope. Mashemeji hawanisalimii hadi leo. Wasinisalimie. Heri niitwe mwongo na watu walio hai.

Ofisi nayo ikanitaka nieleze kwa maandishi ni janga gani lililonifanya nihamishe watu bila amri. Nikaandika mstari mmoja: Hakuna aliyekufa. Wakairudisha barua, wakisema hayo si maelezo. Nikaitia sahihi mara ya pili, nikawapelekea vilevile.