Khanga Moja, Wajawazito Watano

Mkunga mstaafu tuliyemzika Unyambwa Jumamosi iliyopita hakutangazwa redioni. Mwanawe alinipigia simu akaniambia, "Mama amepumzika, tunazika kesho saa nane," nami nikapanda basi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sipendi kusifia wafu. Kwetu mtu akishafukiwa, hata mchoyo hugeuka mkarimu. Basi niseme mapema kwamba marehemu alikuwa mkali na hakuwa na subira na wavivu, mimi nikiwamo. Nilimwogopa miaka mingi. Nilimpenda pia, na hilo sikuwahi kumwambia.

Nilimfahamu miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nikiwa karani ofisini kwake. Yeye alisimamia huduma za mama na mtoto. Mimi nilikusanya madaftari ya kliniki na kuandika ripoti. Maduka yalikuwa yameanza kujaa vitenge na sabuni, na sisi wenye mshahara tulijiona tumeokoka. Ripoti yangu moja ilihusu kijiji kilicho mbele ya Kinyangiri, ambako wajawazito walihudhuria kliniki ovyo: mmoja anakuja tarehe isiyo yake, kisha haonekani miezi miwili. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba wanawake wa eneo hilo hawana mwamko. Aliisoma, akavua miwani.

"Umewauliza?"

"Hapana, mama."

"Sasa hii umeitoa wapi?"

Siku ya kliniki tukaenda na gari la ofisi, tukaketi benchi la nyuma. Akaingia mama mmoja amejifunga khanga nyekundu yenye alama ya kuungua pembeni. Akapimwa, akatoka. Muda si mrefu akaingia mwingine na khanga ile ile, alama pale pale. Mimi nilicheka. Marehemu aliinuka akamfuata yule mama nje, nami nikajikokota nyuma yake.

"Shikamoo, mama," yule mama alisema, macho chini. "Sisi tuko watano, na nguo ya kuja huku ni hii moja. Ukija na matambara, nesi anakusema mbele za watu. Kwa hiyo tunapokezana."

"Wengine wako wapi?"

"Wawili walikuja wiki iliyopita. Wa tano zamu yake bado. Miguu imemvimba na kichwa kinamuuma, lakini amesema atasubiri."

Marehemu alimshika mkono, wakaingia garini, tukaenda kwa huyo wa tano. Tulimkuta wa tano amelala kwenye ngozi, uso umevimba, haoni vizuri, amevaa kitu kilichowahi kuwa gauni. Mama mkwe wake akasema hawezi kupelekwa hospitali katika hali ile, ataaibika. Nikajitia wema, nikashauri tupite dukani tumnunulie kitenge. Marehemu alinikatiza. "Tukianza kumtafutia nguo, tumekubaliana na wanaomfukuza. Mbebe." Mlangoni mwa hospitali muuguzi alimtazama mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mpime presha kwanza," marehemu akamwambia. "Nguo utaziangalia baadaye."

Mama alipona. Mtoto hatukumwahi.

Kwa miaka iliyofuata alizunguka zahanati hata za Issuna na Manyoni akigombana na wauguzi kuhusu kauli zao, akiwataka wampokee kila mjamzito alivyo. Aliitwa mgomvi, na wadogo zake kikazi walimpita vyeo. Alikuwa akisema soko huria limeleta nguo, ila pia limetufundisha kumpima mtu kwa alichovaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini sisi tulikuwa tunalipwa mshahara ili tumjue. Leo majengo ni mazuri, vigae vinang'aa, na bado nasikia wajawazito wanaogopa kwenda kujifungua kwa sababu hawana beseni wala nguo za mtoto za kuonyesha.

Jioni ile ya kwanza, tukirudi kutoka hospitali, nilikiri kwake jambo. Maneno yale ya mwamko nilikuwa nimeyaandika pia katika ripoti iliyotangulia, alipokuwa masomoni, na ofisi nzima iliyapitisha. Nikamuuliza kama mtoto angeishi iwapo ningeandika ukweli mara ya kwanza. Nilitaka anifariji, sikatai.

"Angeishi," akasema. "Uvivu wa ofisini haumuui aliyekaa ofisini."

Nililia, naye akaniacha nilie. Kama angenifariji, ningeisahau ripoti ile kabla hatujafika mjini, na mwaka uliofuata ningemuua mwingine kwa mwandiko ule ule mzuri.